Je, Mkebe Ni Shamba?

Sisi tuliokulia mtaa wa Kaloleni, Kisumu, miaka ile ya themanini tulikuwa na maswali mengi kuliko viatu. Viatu vilikuwa jozi moja tu, vya shule, na ukifika mlangoni ulivivua kabla mama hajapiga kelele. Maswali tulitembea nayo kutwa nzima, pekupeku, kutoka uwanja wa mpira hadi bombani, na hakuna aliyetuambia tuyavue. Hata sasa nikiyakumbuka moyo unanienda mbio, utafikiri nimeitwa nje kucheza!

Bombani ndipo mimi na Wanjiru tulipoanza kugombana kuhusu mambo makubwa. Wanjiru alikuwa jirani yetu, nyumba ya pili. Wazazi wake walikuwa wametoka upande wa Nyeri, na mama yake aliuza viazi na maharagwe soko la Kibuye. Maji yalikuja kwa saa zake, kwa hiyo ndoo zilipangwa foleni tangu asubuhi, na asiye na ndoo ya ziada aliweka jiwe mahali pake akaenda zake kuruka kamba ya blada au kucheza mchezo wa kati. Siku moja ndoo yangu ilikuwa ya pili, na mbele yangu lilikuwapo jiwe la Wanjiru. Maji yakaja, mwenye jiwe hayupo, nikakinga. Aliporudi alipiga kelele mtaa mzima ukasikia.

"Umenipita!"

"Sijakupita wewe. Nimepita jiwe."

"Hilo jiwe ni mimi!"

"Haya basi, wewe jiwe, beba maji tuone."

Tulibishana juma zima. Kama jiwe ni Wanjiru, je, mbwa akilikojolea, Wanjiru aende akaoge? Na kama si Wanjiru, kwa nini watu wazima wote wa Kaloleni waliliheshimu wakapanga ndoo zao nyuma yake? Mama aliposikia ubishi umefika jikoni kwake alisema yale aliyoyasema kila siku: "Akinyi, uliza ukishaosha sufuria." Nikaosha, nikauliza tena.

Nilikuwa mtoto wa namna hiyo, na naogopa bado niko hivyo. Shule ya Jumapili nilipata matatizo kwa sababu ya mbuta, yule samaki wetu mkubwa. Mwalimu alikuwa akitueleza habari za gharika, jinsi kila kilichokuwa na uhai kilivyoangamia nje ya safina, nami nikainua mkono. "Na mbuta je, mwalimu? Gharika si ilikuwa maji?" Darasa zima likasisimka. Sisi sote tulikuwa watoto wa ziwa. Hakuna aliyewahi kusikia samaki amekufa kwa kuzidiwa na maji. Mwalimu alinitazama, akaitazama Biblia, akanitazama tena. Kisha akaniambia nipige magoti nimwombe Mungu msamaha. Nilipiga magoti, lakini kusema kweli muda wote ule nilikuwa nikiwafikiria samaki wetu, mbuta na ngege, jinsi walivyofurahi siku ile ziwa lilipopanda hadi milimani.

Na tulikula vizuri! Mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyotolewa minofu, uliokaangwa hadi mifupa inavunjika kama biskuti, nyoyo ya mahindi na maharagwe iliyolala chunguni, miwa ya upande wa Kibos tuliyoimenya kwa meno. Shuleni tuligawiwa maziwa ya pakiti za pembe tatu, na ukimaliza unaijaza pakiti upepo, unaiweka chini, unaikanyaga, ilie kama bunduki. Watoto wa sasa wanakaa mbele ya video tangu Ijumaa hadi Jumapili, suruali zikiwaning'inia magotini, na ukiwauliza wameona nini wanakwambia, "Ilikuwa noma." Noma vipi? "Noma tu." Mazungumzo yameisha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mtaala mpya ulipoingia, shule iligeuka karakana. Tuliambiwa tulete jembe, tulete sindano ya kufuma, tulete mikebe. Mwalimu wetu wa sayansi tulimwita Darubini kwa sababu ya miwani yake minene. Kabla ya likizo ya Aprili alitupa kazi ambayo mimi niliipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kupewa. Panda maharagwe katika mikebe miwili. Mmoja uweke penye mwanga, mwingine gizani. Mimina maji sawasawa, pima kila siku, andika. "Kitabu kinasema mmea haukui bila mwanga," alisema akigonga ubao kwa chaki. "Nendeni mkahakikishe." Nilifurahi hadi nikashindwa kula. Mimi, Akinyi wa darasa la tano, nilikuwa nimetumwa kukihakiki kitabu!

Likizo hiyo nilipelekwa Asembo, kwa babu yangu, ambaye sisi tulimwita Kwaro. Alikuwa fundi wa kujenga aliyestaafu, mtu wa sauti kubwa na kikohozi kikubwa, na alikuwa na wake wawili. Wa pili ndiye aliyemzaa baba yangu; huyo nilimwita Dani, yaani nyanya. Wa kwanza alikuwa Mikayi, jina la heshima la mke mkubwa, na watu wote walimwita hivyo, hadi mbwa walionekana kulijua, ingawa mimi nikimjibu usoni nilisema Dani vilevile. Alikuwa mwembamba, mnyamavu, na mimi nilimwogopa sana. Katika boma la Waluo Mikayi ndiye anayetangulia. Yeye ndiye wa kwanza kupanda mbegu, halafu mke wa pili, halafu wana kwa mpangilio wao. Atakayemtangulia anaalika chira, ule ugonjwa wa kukonda na kudhoofika ambao humpata aliyevunja mwiko, au mtoto wa nyumba yake.

Haya yote niliyajua. Tatizo ni kwamba niliyajua kama mambo ya mashamba na majembe. Kazi yangu ilikuwa ya sayansi, ya mikebe. Mwaka ule mvua ilikuwa imechelewa, ardhi imepasuka, na kila mtu alikuwa akitazama mawingu upande wa ziwa. Mimi nikapanda zangu. Mkebe mmoja niliuweka nyuma ya jiko la Dani penye jua, na mwingine uvunguni mwa kitanda chake, nimeufunika kwa sufuria kuukuu. Baada ya siku chache maharagwe yakaota, na katika boma zima lililokuwa likisubiri mvua, kijani pekee kilikuwa changu.

Mikayi aliuona mkebe asubuhi alipokuja kuchukua kaa la moto. Nilikuwa nimechuchumaa pale na rula yangu ya mbao.

"Mjukuu wangu, hiki ni nini?"

"Maharagwe, Dani."

"Nina macho, naona ni maharagwe. Ni nani aliyepanda?"

"Ni mimi."

Hakupiga kelele. Aliweka chini kigae cha moto, akaita kwa upole uliotisha zaidi: "Nyieka, mke mwenzangu, njoo uone. Nyumba yako imepanda."

Dani alitoka na mwiko mkononi. Alipoona yale majani mawili madogo alikaa chini palepale kwenye majivu. Hakuniangalia usoni, aliniangalia mikono, miguu, shingo, kama mtu anayetafuta mahali ambapo ugonjwa umeanzia. Na hapo ndipo hofu iliponiingia. Tangu asubuhi ile nilianza mchezo wa kujipima mkono kwa kuuzungusha kidole gumba na cha kati. Vikikutana, nimekonda. Vilikutana kila mara, kwa sababu nilikuwa mtoto mwembamba tangu kuzaliwa, lakini jambo hilo halikunituliza hata kidogo.

Kwaro aliitisha kikao baada ya uji, nyumbani kwa Mikayi. Tulikuwa wanne: yeye kwenye kiti chake, wake zake wawili, na mimi mkekani. Mkebe uliwekwa mezani kama mshtakiwa.

"Mbegu imeingia udongoni ndani ya boma langu kabla ya Mikayi," Kwaro alisema. "Kuna la kujadili hapo? Mkebe utupwe ziwani, na huyu arudishwe Kisumu leo."

"Ni mtoto, hakujua," Dani alisema.

"Chira haiulizi mtu ana miaka mingapi."

Nikaona kazi yangu inaondoka, na daftari langu lina kurasa nne tu zilizoandikwa. Sijui ujasiri nilitoa wapi. "Kwaro, udongo si wa boma."

"Unasemaje?"

"Niliuchota ufuoni. Pale wanapoanika omena."

Kwaro alikohoa. "Na maharagwe?"

"Ya Kibuye. Alinipa mama yake Wanjiru."

"Mkebe?"

"Wa mafuta ya kupikia. Wa mama, Kaloleni."

"Na maji?"

"Ya mtungi wa Dani."

"Ahaa!" Kwaro alijipiga paja. "Maji ni ya boma!"

"Maji hayo nimeyateka ziwani," Dani alisema.

"Wewe nyamaza, wewe ni upande wa mshtakiwa."

Mikayi alikuwa akiuzungusha mkebe taratibu kwa vidole viwili. "Bwana," akasema, "wewe unauliza vitu vimetoka wapi. Mimi nataka kuuliza jambo moja tu. Je, mkebe ni shamba?"

"Shamba ni mahali mbegu inapoota. Swali gani hilo?"

"Mwaka juzi mtama uliota kwenye paa la nyumba yako, juu ya nyasi. Lile paa lilikuwa shamba? Na lilinitangulia?"

"Ule uliota wenyewe! Uliletwa na ndege."

"Basi shamba si mahali mbegu inapoota. Ni mahali mtu alipoipanda kwa mkono."

"Ndiyo. Hivyo hasa."

"Mwanao akija kuomba shamba la urithi, utampa mkebe?"

Dani alificha mdomo kwa leso. Kwaro alijaribu kukasirika, kikohozi kikamshika, na kilipokwisha tuliona kumbe alikuwa anacheka. "Yawa, Mikayi," akasema, "sasa wewe uko upande gani? Si ni haki yako ndiyo iliyoguswa?"

"Ni yangu, ndiyo maana nauliza. Mimi sijui kama mkebe ni shamba. Na wewe hujui. Waliotufundisha mambo haya hawakuwa na mikebe." Kisha akanigeukia. "Unapanda ili ule?"

"Hapana. Ili nipime." Nikamweleza, maneno yakikimbizana, habari za mwanga na giza, ule mkebe wa uvunguni, na kitabu. Aliniacha niseme hadi mwisho. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniacha niseme hadi mwisho!

"Na wewe unadhani utakaorefuka ni upi?"

"Wa mwanga. Kitabu kinasema."

"Mimi nadhani ni wa gizani. Viazi vyangu vitamu nikivisahau chunguni hutoa mashina marefu kama kamba." Akasimama. "Yang'oe haya. Tutaanza upya, na nitapanda mimi kwanza, kwa mkono wangu. Kama mkebe ni shamba, nitakuwa nimetangulia. Kama si shamba, hakuna aliyekosa."

"Na yale yaliyokwisha kuota?" Kwaro aliuliza, na safari hii hakukuwa na kicheko. "Kama kuna kitu kimeshaamka?"

"Kikiamka, kitanikuta hapa," Mikayi alisema.

Alipanda siku ileile. Nilikuwa karibu naye alipokuwa akiisukuma mbegu ya kwanza kwenye ule mchanga wa ufuoni. Midomo yake ilikuwa ikienda. Sikujua kama alikuwa akimwomba Mungu wa kanisani kwake au wale waliomtangulia. Alipomaliza alinipa mbegu ya pili, nikapanda. Dani alisimama mlangoni hadi tukanawa mikono.

Jamani, siku zilizofuata! Sijawahi tena kuwa na siku kama zile. Kila asubuhi mimi na Mikayi tulikwenda kupima, mimi na rula, yeye na kijiti cha mwitu alichokikata alama kwa kisu, kwa kuwa hakujua kusoma tarakimu na hakutaka kunitegemea mimi niliyekuwa na upande. Maana nilikuwa na upande, nisidanganye. Nilitaka kitabu kishinde. Ilipofika siku ya sita na mche wa gizani ukawa unaupita wa nje, nilianza kuuongezea ule wa nje maji kidogo, kisirisiri, wakati wa mchana watu wakiwa wamepumzika. Siku moja nikasikia sauti nyuma yangu.

"Unamsaidia nani?"

Nikageuka na kikombe mkononi. Mikayi alikuwa amesimama na kijiti chake.

"Ulikuwa na kiu, Dani."

"Mwenye kiu ni wewe." Akanipokonya kikombe. "Tuliambiwa maji sawasawa. Kama unajua jibu, kwa nini unanisumbua kuamka mapema?"

Nimesoma mambo mengi tangu wakati ule kuhusu vinavyomzuia mtu kuuona ukweli, vingine vina majina marefu ya kukata pumzi. Kile cha kwanza nilikutana nacho nyuma ya jiko la Dani, na kilikuwa kimeshika kikombe cha bati.

Kisha Kwaro akapata mafua. Macho yote ya boma yalinigeukia. Jirani alikuja kumjulia hali akaupita mkebe kwa mbali, kama mtu anayepita kando ya nyoka. Nilijipima mkono mara tano kabla ya chakula cha mchana. Mikayi ndiye aliyesema, akimpelekea uji wa ndimu: "Huyu hupata mafua kila mwaka mawingu yakikaribia. Mwaka jana mkebe ulikuwa wapi?" Lakini nilimwona pia usiku ukikaribia akisimama mlangoni pa Kwaro, akisikiliza kikohozi kile, na uso wake haukuwa wa mtu mwenye uhakika.

Kwaro alipona. Mvua ikaja. Mikayi akapanda shamba lake, Dani akafuata, wana wakafuata, kila kitu kwa mpangilio wake. Siku ya mwisho ya likizo tuliitoa mikebe yote miwili tukaiweka mezani, Kwaro naye akasogeza kiti. Mche wa gizani ulikuwa umekaribia urefu wa rula nzima, mweupe, mwembamba, umelala kwenye ukingo wa mkebe. Wa nje haukufika nusu yake, ila ulikuwa na majani mapana na shina gumu. Kwaro alipiga mluzi. Mikayi alikuwa ameshinda, lakini hakushangilia. Aliinamia ule mche mweupe kwa muda mrefu, akauinua kwa kidole.

"Ni mrefu," akasema, "lakini huyu hakui. Huyu anatafuta."

Niliyaandika maneno hayo chini ya jedwali langu, kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliokuwa nao. Nilirudi Kaloleni nikiwa nimelibeba lile daftari kifuani. Nilikuwa na jambo ambalo halikuwa kitabuni! Sikuweza kulala kwa kumsubiri Darubini.

Asubuhi ya shule nilimwonyesha Wanjiru kwanza. Akafungua la kwake. Mche wa mwanga mrefu, wa gizani mfupi, mistari imenyooka vizuri.

"Wako haukurefuka gizani?" nikamuuliza.

"Ulirefuka. Kama wako."

"Sasa?"

"Sasa nikabadilisha. Akinyi, wewe unataka kuchapwa?"

Darubini alipita dawati kwa dawati. La Wanjiru alilitia alama kubwa ya vyema. Langu alilisoma, akalisogeza karibu na miwani, akalisogeza mbali. "Ulichanganya mikebe."

"Hapana, mwalimu. Tulipima na nyanya yangu kila siku."

"Nyanya yako amesomea sayansi wapi?" Darasa likacheka. "Na hii ni nini? 'Huyu anatafuta'? Mmea unatafuta nini, kazi?" Wakacheka zaidi. Kisha akauliza polepole, na akalaza kiboko chake juu ya dawati langu, bila kunigusa: "Niambie basi. Kitabu kimekosea?"

Swali hilo lilikuwa zuri sana. Kama angeliuliza huku akitaka jibu, nadhani tungekuwa na somo bora kuliko yote ya mwaka ule, mimi na yeye. Mche ulikuwa mrefu na ulikuwa dhaifu. Pengine mimi na kitabu tulikuwa tukisema mambo yanayoweza kukaa pamoja. Lakini kiboko kilikuwa kimelala pale, na darasa lilikuwa likisubiri.

"Hapana, mwalimu."

"Una dakika tano. Rekebisha."

Nikachukua kifutio. Nilifuta tarakimu zote, siku kwa siku, nikaziandika upya zikiwa kinyume. Maneno ya Mikayi niliyafuta mwisho. Karatasi ilitoboka kidogo mahali pale kwa sababu nilikuwa nimeyaandika kwa nguvu. Darubini akarudi, akatia vyema, akaandika "Vizuri sana." Sikupigwa hata kimoja. Nilifika nyumbani nikaosha sufuria zote bila kuambiwa.

Agosti nilirudi Asembo, na kwa mara ya kwanza sikutaka kwenda. Mikayi alikuwa amekaa nje akipukuchua maharagwe ya shambani kwake. Aliponiona alisogea kwenye mkeka ili nipate nafasi, na uso wake, ule uso niliokuwa nikiuogopa, ulikuwa uking'aa kama wa msichana.

"Njoo, njoo, nimekungoja! Mwalimu alisemaje?"

Nilikuwa nimeandaa uongo njia nzima. Nikauacha. Nikamweleza yote, kifutio, dakika tano, "Vizuri sana." Mikono yake ilisimama juu ya maganda.

"Lakini uliona," akasema.

"Niliona, Dani."

"Basi uliandikaje ambacho hukukiona?"

"Niliogopa. Aliweka kiboko mezani."

Alitikisa kichwa polepole. Hakuwa amekasirika, ingekuwa afadhali angekasirika. "Mimi niliogopa chira," akasema. "Siku zile zote sikuwa nikilala. Nilikuwa nikisema, kama huyu mtoto atakonda, ni mimi. Na bado nilipanda." Kisha akanisogezea lundo la maganda. Tukapukuchua hadi jua likawa kali, na hakulitaja tena jambo hilo maisha yake yote.

Mikayi ametutoka sasa, miaka kadhaa. Mimi nimesoma falsafa chuo kikuu miaka minne, na ndugu zangu bado wananiuliza kwa huruma falsafa inaajiriwa wapi. Nikienda kwenye mahojiano ya kazi, wale mabwana watatu huniuliza swali, nami nasikia kichwani majibu mawili, nililoliona na wanalotaka, na ninachelewa kujibu kiasi cha kufikiriwa sijui lolote. Pale Kibuye watu wanabishana siasa siku hizi kwa sauti za juu kuliko wakati wowote, na hilo ni jema, tulilingoja sana. Ila ukiuliza swali wanataka kwanza kujua wewe ni wa chama gani, ndipo waamue kama swali lenyewe ni zuri.

Kwa sasa nafundisha tuisheni watoto wa darasa la saba hapa mtaani. Ni werevu mno, sisemi uongo. Wana vitabu vya marudio ambavyo majibu yako nyuma, na wameyajua majibu kabla hawajasoma maswali. Juzi jioni tulikuwa tumemaliza mapema, jua linashuka nje ya dirisha, nami nikashikwa na ile hamu ya zamani hadi chaki ikanitoka mkononi. Nikawauliza: "Sisi hapa Kisumu tunaona jua linazama ziwani. Sasa watu wanaoishi ng'ambo ya ziwa, wao wanaliona likizama wapi?"

Walinitazama. Kijana wa mbele, mwenye akili kuliko wote, akainua mkono kwa heshima.

"Teacher, hiyo itakuja kwa mtihani?"

"Hapana," nikasema. "Haitakuja."

Wakafunga madaftari, mmoja baada ya mwingine, wakaniaga vizuri, wakaenda zao. Enzi zetu, hapo ndipo tungeanza kugombana.